Mlinzi Aliyegoma Kufungua Geti

Siku ya kwanza kazini, mtayarishaji wa tamthilia alimwambia mwandishi wake bila kumung'unya maneno: "Dada, mimi nataka machozi. Falsafa yako iache chuoni." Mwandishi aliitikia kwa adabu, akaketi mezani, akaanza magendo ya falsafa.

Alikuwa amefundisha falsafa miaka tisa, na mazoea yana taabu. Basi fundi cherehani wa kwenye tamthilia, kabla hajaiba kipande cha kitambaa cha mteja, alijiuliza: mafundi wote wakiiba, nani atashona tena? Shangazi mtu alishikilia kuwa jema ni lile linalofurahisha wengi, kwa hiyo alidanganya ukoo mzima kwa roho safi. Naye mlinzi wa geti alihubiri kwamba binadamu yuko huru, hakuna wa kumlazimisha. Watazamaji walilia, wakacheka, wala hakuna aliyenusa kitu.

Hadi asubuhi moja, wakati wa kurekodi, mzee aliyeigiza mlinzi alipokaa kwenye kiti chake cha plastiki, akakunja nne, akatulia tuli.

"Fungua, mzee wangu! Gari la bwana harusi linapiga honi!" mtayarishaji alisihi.

"Nimechagua kutofungua."

"Imeandikwa ufungue!"

"Imeandikwa, ndiyo. Lakini miezi minane nasema mtu yuko huru. Sasa yameniingia."

Bwana harusi alikuwa akichuruzika jasho ndani ya suti ya kuazima. Mtayarishaji akamgeukia mwandishi, macho yamemtoka. "Umemlisha nini huyu?"

Mwandishi alijizuia asicheke. Akachuchumaa kando ya kiti.

"Baba, ni kweli uko huru. Ila anayechagua hubeba mwenyewe alichochagua. Watu ishirini hapa watarudia kazi hii kesho kwa ajili yako. Utaubeba mzigo huo?"

Mzee alikuna kidevu. "Mbona hilo hukuliandika?"

"Lilikuwa linakuja, sehemu ya arobaini."

"Mjanja wewe, mwanangu." Akajizoazoa, akafungua.

Mtayarishaji aliamuru mlinzi apunguziwe maneno. Wiki iliyofuata akabakiziwa moja tu: "Karibu." Mzee alilitamka polepole, akimkagua mgeni toka unyayoni hadi utosini, kana kwamba angeweza pia kumfukuza. Simu kutoka kwa watazamaji zilimiminika siku tatu mfululizo, wote wakiuliza huyo mlinzi anawaza nini.