Mkwe Kamla Samaki wa Daktari

Jamani, hili hamtaliamini, lakini limetokea Kiswere, tena mchana kweupe.

Zakia alikuwa anawatunza samaki sita, pono, wa Daktari Benedikto, mtafiti wa chuo, ndani ya simtanki lililokatwa nusu uani kwao. Dume mmoja wa buluu, majike watano wa kahawia. Kazi yake kubadilisha maji ya bahari na kutuma picha kwa simu kila asubuhi. Akiiweza, Daktari anampeleka Lindi akasomee kazi za maabara.

"Hata majike wana vinasaba vya udume," Daktari alimwambia kabla ya kusafiri, "ila vimelala. Dume akiwepo anawatisha, haviamki. Nikirudi namtoa mwenyewe, nipime vinavyoamka tangu saa ya kwanza. Asiguswe!"

Siku ya pili Zakia anarudi na ndoo zake, anakutana na harufu ya kukaanga. Mkwe wa dada yake kaja ghafla kutoka Mitwero, kakaa mkekani, analamba vidole.

"Mama mkubwa! Yule wa buluu yuko wapi?"

"Si huyo anaishia mdomoni mwa mgeni?" Mama mkubwa Mwanaima akanong'ona. "Ulitaka mkwe nimpe vile vya kahawia, akatutangaze? Mwamkie basi!"

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu samaki, aisee!"

Asubuhi Zakia akatuma picha ya jana. Kesho yake, ya juzi, na siku zote zilizofuata akarudia za zamani. Hatulii: anaenda kwenye simtanki, anarudi, anaenda tena.

Sasa sikia. Jike mkubwa kuliko wote kashaanza kuwafukuza wenzake kama mwenye nyumba. Wanamkwepa, na wakimkwepa ndiyo anazidi ubabe. Wiki ya pili kichwa kikaingia ubuluu. Wiki ya tatu mwili mzima! Dume kamili. Zakia akampiga picha, akatuma. Hiyo ilikuwa ya kweli.

Daktari akarudi, akainama. "Dume wangu mzima! Jiandae, Jumatatu tunaenda Lindi." Akahesabu, akahesabu tena. "Mbona majike wanne?"

Mlangoni mwa jiko Mama mkubwa anamkonyeza: sema jike mmoja kafa.

Akisema kafa, Lindi ipo, na Daktari ataandika utafiti mzima juu ya dume siye. Akisema kweli, picha zake za uongo zinafichuka, na ile saa ya kwanza Daktari aliyoisubiri miaka haipo popote, ila kichwani mwake yeye Zakia.

"Zakia? Nakuuliza."

Haya, ungekuwa wewe, ungemjibuje?