Seli za Mzee Dezső

Mzee Dezső alisaga pilipili nyekundu hapa mjini Szeged kwa miaka arobaini. Saratani ya tezi dume ilipomshika, alikubali kipande cha uvimbe wake kikuzwe katika maabara ninayofanyia kazi. Kila Jumanne, akitoka kwa daktari wake, alipita kwetu, akaegemea mlango.

"Boglárka binti yangu, hao wapangaji wangu hawajafa tu?"

"Bado, mzee. Wanakula na kuzaana."

"Ulafi wamerithi kwangu, mbwa hao!"

Kazi yangu ilikuwa kuzipa seli zile protini fulani, mjumbe wa mauti. Hujishikiza nje ya seli, ikapenyeza amri ndani, na seli ikajikatakata yenyewe, kimyakimya. Seli za Dezső zilikuwa viziwi kwa amri hiyo. Novemba nikaongeza dawa ya pili. Asubuhi yake nilipochungulia kwenye darubini, sahani nzima ya seli zake ilikuwa mabaki matupu.

Nilipaswa kungoja. Sikungoja, nikampigia simu.

"Mzee, zimekufa!"

Akalia. Nikamsikia akimwita mkewe, Piroska, aache mapishi aje asikie.

Siku ya tisa, ukingoni mwa sahani ileile, nikaona visiwa vidogo. Seli chache zilikuwa zimenusurika, na sasa zilikua kwa kasi kuliko mwanzo. Nikaenda kwao kwa miguu, ukungu umeufunika mto upitao mjini. Piroska akanipakulia supu ya samaki.

"Sema basi," Dezső aliniambia. "Uso wako umeshasema nusu."

Nikamweleza yote. Nikaongeza kwamba hata zingekufa zote, mchanganyiko ule haujawahi kupewa mtu. Ingepita miaka kwanza.

"Sasa simu ile ulinipigia ya nini?"

"Furaha ilinizidi, mzee. Nisamehe."

Akachukua simu yake, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nimeshamwambia kaka yangu kwamba Pasaka itanikuta hai. Mpigie wewe umwambie."

Nikampigia palepale, mbele yake. Dezső alitazama dirishani muda wote.

Alifariki Februari. Makaburini Piroska alinishika mkono.

Siku hizi matokeo yakiwa mazuri nayafungia kabatini, narudia jaribio mara tatu. Wagonjwa wakiniuliza, nawajibu sijui. Mara nyingi ni kweli.