Kitana cha Droo ya Tatu

Saa ya ukutani ya mshauri ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza, mgongo wazi, betri pembeni, na fundi aliyeifungua hakuwa amekuja kuitengeneza. Alikuwa amekuja kuzungumza. Lakini kwa wiki tatu alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile akiitazama ilivyochelewa dakika nne, akijibu kila swali kwa ndiyo na hapana, mpaka mshauri, mama mtu mzima mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, akaiteremsha mwenyewe na kumsogezea.

"Haya, itengeneze," alimwambia. "Labda mikono ikipata kazi, mdomo nao utafunguka."

Mtaani walimwita Dakika. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kibanda chake cha kutengeneza saa. Wenyeji walijua zaidi. Mkewe, muuguzi, akichelewa dakika kumi kutoka zamu, fundi alikuwa amekwisha kumpigia simu mara sita na kusimama kwenye lango la hospitali, uso umemshuka. Mwaka uliopita alimfichia kiatu kimoja asiende harusi ya mdogo wake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mke hakucheka. Sasa alikuwa amepata masomo ya miezi sita katika mji mwingine, na alisema bila kupandisha sauti kwamba Jumatatu anaondoka. Akimaliza, atarudi kwa mumewe au kwa dada yake. Hilo litategemea jinsi mumewe atakavyomwacha aondoke. Ndiyo maana fundi alikuja kwa mshauri, yeye ambaye hata kwa daktari wa meno alipelekwa kwa kuburutwa.

Mshauri alimwuliza jambo la zamani kabisa analolikumbuka. Fundi, jicho kwenye bisibisi, akasema hakuna la maana, labda kichekesho kimoja. Alilelewa na mama yake mkubwa. Mama mzazi alifanya kazi mbali na alikuja mara chache, na siku ya kuondoka mtoto alimng'ang'ania gauni asimwachie. Basi mama akabuni njia.

"Alikuwa mjanja, mama yangu," alisema akitabasamu. "Anajifunga kitambaa kichwani, halafu ananiambia, 'Mwanangu, niletee kitana changu chumbani.' Mimi mbio. Droo ya tatu. Nikirudi, hayupo."

"Alifanya hivyo mara ngapi?"

"Kila safari."

"Na kila safari ulikwenda?"

"Ameniagiza mama yangu. Ningekataaje?"

Mshauri akauliza, "Na kitana?"

Bisibisi ikasimama. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia kwenye vijiwe na sherehe, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za kitana. Alisema polepole kwamba alibaki nacho. Alisimama nacho mlangoni mpaka jioni, mama mkubwa akaja kumbandua vidole kimoja kimoja, na meno ya kitana yalikuwa yamemwachia alama kiganjani. Hapo skrubu ndogo kama punje ya mtama ikamponyoka, na wote wawili wakapiga magoti kuitafuta chini ya meza, wakishukuru kupata kitu cha kutafuta. Hawakuiona.

Wakiwa bado sakafuni, mshauri alimweleza kwa upole kwamba mtoto yule alijifunza mambo mawili: kwamba ukimpa mgongo unayempenda, anatoweka, na kwamba utii wake mwenyewe ndio uliompoteza mama. Tangu siku hizo anailinda milango. Fundi alilia, kisha akakasirika.

"Sasa nimejua. Nifanye nini?"

"Wewe umejua," alisema mshauri. "Miguu yako bado."

Jibu lile lilimkera njia nzima ya kurudi. Katika kazi yake, ukiona kilichoharibika umemaliza nusu ya kazi; unakitoa, unaweka kingine, unafunga kifuniko, mwenye saa anakwenda zake. Yeye alikuwa amekiona kilichoharibika, amekishika, amekilia, na bado kilikuwa mahali pake.

Hata hivyo alijitahidi. Jumamosi alimsimulia mkewe habari za kitana, safari hii bila kicheko, na mkewe akamshika mkono, akamwahidi kwamba hataondoka bila kumuaga uso kwa uso. Jumatatu asubuhi fundi mwenyewe alibeba sanduku mpaka barazani. Hakuficha kiatu. Dereva wa teksi aliliweka sanduku kwenye buti la gari, na mke akafungua mkoba kukagua vitu vyake.

"Jamani, chaja," alisema. "Nimeiacha kando ya kitanda. Hebu niletee, mume wangu, nisimcheleweshe dereva."

Alikuwa angali anapekua mkoba. Hakumwona alivyobadilika uso. Fundi alitaka kusema, nenda mwenyewe, tafadhali, leo nenda mwenyewe. Lakini aliyemwagiza alikuwa mkewe, na miguu ilikwisha kumfikisha chumbani.

Chaja ilikuwepo palepale. Aliichukua. Lililobaki ni kugeuka na kutembea hatua kumi na mbili, na hilo halikuwezekana. Maadamu anautazama ukuta, mkewe bado yuko barazani. Alijua huo ni upuuzi, alijua umetoka wapi, angeweza hata kumweleza mtu yeyote kwa ufasaha.

"Umeiona?" mkewe aliita.

Waya wa chaja ulikuwa umemkaza vidoleni.

Dereva alipiga honi. Mkewe akaita tena, safari hii kwa jina lake halisi, lile analolitumia mara chache. Kisha viatu vyake vikaanza kugonga sakafu. Fundi, ambaye akiiweka saa sikioni huujua ugonjwa wake kabla hajaifungua, alisikiliza kwa mwili mzima, na hakuweza kujua kama vinakuja au vinakwenda.