Punda wa Nolari

Mwaka wa tisini na saba, redio ilipoanza kutangaza mvua za El Niño, wengi hapa Kitengela walicheka. Ukame ulikuwa umetuchoma, ng'ombe wamebaki mbavu, halafu mtu anakwambia ujihadhari na maji! Mimi sikucheka. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dani, aliishi katika chumba cha mabati karibu na mto, miguu yote miwili imekufa ganzi tangu apatwe na kiharusi. Mila yetu ya Kijaluo haimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe, na Dani hakuwa mtu wa kulegeza mila kwa sababu ya wingu. Mume wangu Ojwang alimbembeleza mpaka akachoka. Mimi nilikosa usingizi nikiwaza ni nani atakayembeba.

Basi mzee Waweru, mwenye shamba karibu na kanisa letu, aliposema tuunde kamati ya mafuriko, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," alisema, na kweli kinga tulizikusanya. Msikiti wa mjini uliahidi maturubai. Kanisa lilitoa ukumbi wake ulio juu ya kilima. Waweru mwenyewe alitengeneza mkokoteni mpana, akautandikia godoro, kwa ajili ya wazee na wagonjwa wa kule mtoni. Punda wa kuuvuta wangetoka kwa Wamaasai wa ng'ambo ya kilima, upande mto unakotoka. Mzee wao Parmuat alikuja kikaoni, akanywa chai yetu, akasema, "Nimekubali." Tukampigia makofi.

Ikafika Jumamosi ya mazoezi. Filimbi ya tahadhari ya kamati ikalia. Watu wakashuka mtoni mbio, wengine wamevaa nguo za kanisani. Dani alikuwa tayari mlangoni, kitambaa kipya kichwani, akingoja kupandishwa gari lake. Mkokoteni upo, Waweru yupo, punda hakuna. Parmuat akatokea peke yake na fimbo yake.

"Mzee, punda wako wapi?" Waweru aliuliza.

"Hakuna."

"Si ulikubali mbele ya kamati?"

"Mliniuliza kama nakubali. Mimi nimekubali. Lakini punda si yangu. Punda ni ya wamama. Mimi niko na ng'ombe."

Mimi hasira zangu haziko mbali. "Na ukanyamaza tu, ukanywa chai?" nilifoka.

"Hamkuuliza," alijibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

Dani aliangua kicheko mpaka kitambaa kikamdondoka. "Kamati nzima na hamjui mwenye punda! Dolphine, kuuliza si ujinga. Nenda kwa wenyewe."

Nilipanda kilima siku hiyo hiyo na sukari na majani ya chai. Nolari, mke wa Parmuat, alinipokea kwa "Takwenya," nami nikaitikia "Iko." Kimaasai changu kiliishia hapo.

"Punda yangu inabeba maji, na tukihama inabeba nyumba," alisema. "Nyinyi mmekaa vikao, na hakuna mama hata mmoja wa huku ameitwa. Sasa mnataka nipakie mtu sijawahi kumwona?"

Nikaiacha kamati, nikampa jibu langu. "Ni mama ya bwana yangu. Hawezi kutembea. Maji ikikuja mimi na bwana tukiwa kazini, atakufa."

Nolari alinitazama, kisha akajitanda shuka yake. "Twende nimwone."

Kule mtoni alimshika Dani kwapani akamwinua kidogo, kama mtu apimaye gunia. Dani badala ya kukasirika alimpapasa mikono, akasema kwa Kijaluo kwamba hii ni mikono ya mtu asiyeogopa kazi. Nilipotafsiri, Nolari alicheka. "Mwambie yeye ni mzito. Huyu ni wa punda mbili." Kisha akatupa masharti: wanawake wa kwao wakae katika kamati, na filimbi tuiweke kabatini. "Maji inaanzia kwetu. Mkingoja filimbi mtakunywa mto. Sisi tukiona, tunashuka." Waweru hakubisha. Alikwenda kuongeza viti.

Mvua ilikuja Novemba, nami niko kazini Athi River. Adhuhuri tuliruhusiwa kwenda nyumbani, lakini magari yalikuwa yamekwama, ikabidi nitembee. Udongo mweusi wa Kitengela ulinivua kiatu kimoja ukakataa kukirudisha. Nilipofika mtoni nilitafuta chumba cha Dani kwa macho. Hakikuwepo. Maji ya kahawia yalikuwa yakipita pale alipokuwa akiketi kila jioni. Nilipiga ukemi, nikakimbia kilimani nikimwomba Mungu kwa kila lugha niliyo nayo.

Nje ya ukumbi wa kanisa punda walisimama wamelowa. Ndani, kando ya jiko la makaa, Dani alikuwa ameketi kwenye godoro, amefunikwa shuka nyekundu, anatoa amri. Huyu aletewe chai. Yule mtoto akaushwe kichwa. Watu wa mtoni wote walikuwa humo.

"Kwetu ilinyesha usiku kucha, tukashuka asubuhi kabla mto haijapanda," Nolari aliniambia. "Huyu mama yako alikataa kupanda mpaka tumchukue kwanza jirani yake haoni. Alitutukana sana. Bahati nzuri hatukuelewa."

Nilipiga magoti nikaikumbatia miguu ile isiyosikia kitu, nikalia kwa sauti, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

"Dolphine," Dani alisema, "kilio kiweke, mimi bado niko. Shika kisu umenye viazi. Wageni wangu hawajala."

Nyumba hakuwa nayo tena, lakini wageni alikuwa nao ukumbi mzima. Nikashika kisu.