Sungura Aliyeitwa Bulaimu

Kengele ilikuwa imekwisha kulia, lakini Hawa hakuingia darasani. Mwalimu Célestine alimkuta nyuma ya shule, amechuchumaa mbele ya vibanda vya mianzi, fungu la matembele mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Hawa, mama, wenzako wameanza kusoma."

"Mwalimu, Bulaimu hataki kula."

"Ni joto tu. Jioni atakula."

"Hapana," alisema mtoto. "Kule baba iko mugonjwa."

Célestine akamshika mkono, akamwinua. Bulaimu lilikuwa jina la sungura. Lilikuwa pia jina la baba yake Hawa, aliyekwenda kuchimba dhahabu Salamabila kabla ya mvua za mwaka uliopita, na tangu siku ile hapakuja salamu wala mtu wa kuzileta.

Sungura walikuwa wazo lake Célestine. Katika chuo cha masista pale Kasongo alifundishwa kwamba mtoto anayelea kiumbe kidogo hujifunza kuona njaa ya mwingine kabla hajaambiwa. Jambo lile lilimkaa moyoni. Célestine, msichana ambaye hata sokoni alishindwa kuita muuzaji, alijikaza akaenda kuomba sungura kwa Mupe, padri mkuu wa misheni. Akapewa dume na majike mawili. Walipozaana, kila mtoto wa darasa lake akapata wa kwake: wa kumkatia majani, wa kumfagilia kibanda, wa kumjua kwa masikio.

"Wapeni majina," aliwaambia, "mupate kuwapenda."

Chuoni sungura wa masista waliitwa kwa majina ya maua. Watoto wa vijiji vya njia ya Wamaza hawakujua maua hayo. Walifanya kama inavyofanywa kwao. Kwao ukimpa mtoto jina la mtu, umemfanya ndoyi wake, na ndoyi wawili hugawana uzima: huyu akishiba, yule hakosi nguvu, huyu akiumwa, yule huulizwa hali. Gaston alimpa sungura wake jina la bibi aliyemlea. Mado alimpa jina la mdogo wake wa kikohozi. Hawa akachukua jina la baba.

Célestine mwenyewe alikuwa binti wa Kibangubangu. Alikuwa na ndoyi wake kule Lusangi, mama mzee aliyemtumia karanga kila mavuno. Hata hivyo aliwasikiliza watoto, akacheka, akaona wamependa vizuri. Mambo ya chuo yalikuwa yamemfunika macho mahali palepale alipozaliwa akiona.

Macho yalifunguka siku Mupe alipomwita barazani.

"Célestine, bwana mkubwa wa serikali, yule wa teritwari, atakula hapa Jumapili. Kesho watoto walete sungura wao jikoni. Walete wenyewe, kwa mikono yao. Aliyelea lazima ajue na kuvuna. Hilo nalo ni somo."

"Mupe, watoto..."

"Watoto wamefanya kazi nzuri. Waambie nimefurahi."

"Ndiyo, Mupe."

Njia nzima alirudi akiyasema moyoni yale aliyopaswa kuyasema. Darasani alipotoa habari, hakuna aliyelia. Gaston peke yake alisimama, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa.

"Mwalimu, nimupeleke bibi akachinjwe?"

Siku ya pili walijipanga mlangoni pa jiko, kila mtoto na sungura kifuani, wengine wakilia. Marcellin, mpishi wa misheni, alitoka akipangusa kisu.

"Ee, munanililia nini? Nani alisema nitapika ninyi? Mafuta yenyewe hamuna! Wewe wa mbele, lete huyo. Anaitwa nani?"

Gaston akataja jina la bibi yake.

Marcellin akakishusha kisu ubavuni. Akamwuliza wa pili, akamwuliza wa tatu. Kisha akamgeukia Célestine.

"Mwanangu, nani alifundisha watoto kufunga jina la mutu muzima kwa nyama ya kula?"

"Mimi, baba."

"Na masomo yako yote yale!" Akatikisa kichwa. "Mimi simwagi damu juu ya jina la mutu. Kwanza yatolewe."

"Yaende wapi?"

"Kwa mutu. Mutu mwenye kukubali kuyabeba. Usiniangalie mimi. Nikibeba jina la bibi ya Gaston, kesho nitaanza kupiga watu na mwiko."

Mtoto mmoja alicheka, akajikatiza. Célestine akapiga magoti pale penye majivu. Mmoja mmoja watoto walimwaga maji juu ya kichwa cha sungura, maji yakateremka hadi katika viganja vya mwalimu, naye akayapaka usoni. Mtoto aliita jina, mwalimu akaitika. Ndipo Marcellin alipopokea mnyama.

Hawa alijiweka wa mwisho.

"Mwalimu, utakula?"

"Nitakula."

"Kila siku? Hata kama hautaki?"

"Hata kama sitaki."

Akamtazama sana. Kisha akamwaga maji. "Bulaimu!"

"Naam," alijibu Célestine.

Hawa akamtoa sungura kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Watoto wengine walisahau upesi. Bibi ya Gaston alikuwepo nyumbani, mzima, anatukana kuku. Lakini Hawa hakuwa na wa kumwangalia badala ya baba isipokuwa mwalimu. Kila asubuhi alikuja kabla ya kengele na kitu ndani ya jani: kiazi, ndizi ya kuchoma, kipande cha ugali wa jana. Alisimama mlangoni mpaka Célestine ameze.

"Lete mukono. Hauna homa?"

"Sina, mama."

"Macho yako iko mwekundu. Ulilala?"

"Nililala."

"Basi maliza na hiki."

Hawa alianza kusoma kwa sauti. Alianza hata kuwatania wenzake. Akiona mtoto mdogo amekaa peke yake, alimwendea na kumwuliza kama amekula. Célestine akamtazama akasema moyoni: kumbe somo limeingia. Akajiruhusu furaha kidogo.

Ndipo siku moja Marcellin aliporudi kutoka soko la Wamaza, akaja kwake moja kwa moja na mzigo ungali kichwani.

"Watu wametoka Salamabila. Shimo liliporomoka. Bulaimu alikuwa ndani."

"Lini?"

"Zamani, mwanangu. Kabla sungura wale hawajazaliwa. Watu wa kambi walikatazwa kusema. Kapita, yule msimamizi wa machimbo, atafika kwao Hawa kesho asubuhi." Akautua mzigo. "Nimeona wewe usikie kwanza. Jina liko kwako."

Célestine alikesha akipanga uongo. Angekula kesho, na kesho kutwa, kapita aseme anavyotaka, mtoto angemwamini yeye. Na baadaye? Kila njia aliyoishika moyoni ilimrudisha mlangoni pake, kwa mtoto yule na jani lake mkononi.

Hawa akaja na kiazi, kingali cha moto.

"Mwalimu, kula."

Célestine akakiinua mpaka mdomoni. Mdomo ukakataa. Akakiweka chini.

"Hawa. Baba yako amekufa."

Mtoto hakulia. Alikunja uso, kama mtu anayetafuta hesabu ilipokosewa.

"Uliacha kula?"

"Nilikula kila siku."

"Jana?"

"Na jana. Ulikuwa umesimama hapo. Alikufa zamani, Hawa. Alikufa kabla hujapewa sungura. Hukukosa kitu wewe. Hakuna aliyekosa kumlisha."

Hawa akakitazama kiazi pale chini, kikifuka moshi.

"Sasa nilikuwa nalisha nani?"

Célestine alimtazama machoni.

"Mimi," alisema. "Ulikuwa unanilisha mimi."

Hapo Hawa akamrukia. Alimpiga kwa ngumi mbili kifuani, tumboni, popote mikono ilipofika. "Rudisha! Rudisha chakula yote! Ilikuwa ya baba! Mama alikuwa ananiuliza kiazi iko wapi, nasema nimekula mimi!" Célestine hakuzuia wala kurudi nyuma. Watoto waliokuwa wakifika shuleni walisimama mbali, vitabu kichwani, hawana pa kuweka macho.

Kisha, ng'ambo ya mihogo, sauti ya mwanamke ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Nyingine zikaifuata. Kapita alikuwa amefika.

Ngumi za Hawa zikakoma hewani. Aliijua sauti ile ya mama yake.

"Sitaki kwenda," alinong'ona.

"Najua."

Célestine akainama, akampakia mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa miguu ya Hawa ilimfika magotini, akakaza kitambaa kiunoni na kuelekea kule kilio kilikotoka. Mtoto alikuwa mzito. Nusu ya njia Célestine hakuwa na nguvu zilizobaki, na kilio kilikuwa bado mbali, lakini hakumtua.