Sahani Aliyoitoa Opal Msibani

Katika kikundi chetu cha waandishi, mwenye hadithi hasomi mwenyewe. Anampa Orrin ukurasa wake wa kwanza, kwa kuwa Orrin alitangaza habari za mazao redioni miaka mingi na sauti bado anayo. Mwenye hadithi anageukia dirisha la maktaba na kutupa mgongo. Sisi wengine tunafumba macho, na kila mtu akifika mahali ambapo angekifunga kitabu, ananyoosha mkono. Mikono ikifika mitatu, Orrin ananyamaza na kuuweka ukurasa mezani. Hakuna anayesema neno. Ule ukimya ndio jibu.

Verlene Haugen aliusikia ukimya huo majira yote ya baridi. Alipostaafu kuendesha basi la shule alianza riwaya juu ya mwanamke aitwaye Opal, na kila safari Opal alianza kwa kusimama mbele ya kioo. Tukaelezwa nywele zake, macho yake, mwaka aliozaliwa, na babu zake walikotoka. Lowell, ambaye mkono wake una mbio kuliko masikio yake, alikuwa akiunyoosha hata Opal hajamaliza kuchana nywele.

Safari ya mwisho Verlene alibaki nami kusuuza vikombe vya kahawa. Akaniambia amechoka. Akisimamishwa tena, karatasi zote zitaingia kwenye jiko la kuni na yeye atarudi kushona mablanketi ya viraka na dada yake. Hakuwa akitania, na mimi niliumia, maana najua alivyokuwa akiamka alfajiri kwa ajili ya huyo Opal. Sikuwa na dawa. Nina vitendawili tu, wajukuu zangu wanajua.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Ardis, leo sina moyo huo."

"Itikia tu, mwenzangu."

"Haya, tega."

"Nina mgeni haji na hodi, asubuhi namtoa mlangoni kwa koleo."

Akatazama nje. "Theluji."

"Umeona ulivyotafuta kwanza? Sasa ningeanza hivi: theluji ni nyeupe, ni baridi, kwao ni mawinguni. Ungenijibu nini?"

"Ningekuambia nenda kalale, bibi wewe."

"Basi na Opal ndivyo unavyomleta. Macho yake najua ni ya kijani. Anachokifanya watu wakimpa kisogo, sijui."

Alikausha kikombe kimoja mpaka nikaona kitatoboka.

Mkutano uliofuata alikuja na ukurasa mmoja umekunjwa, akampa Orrin, akakaa kuelekea dirisha. Tukafumba macho.

Orrin akasoma. Mazishi yamekwisha, majirani wanaingia nyumbani kwa marehemu, kila mtu na sahani yake: tambi za kuokwa, viazi na jibini, keki ya tufaha. Opal peke yake anaingia mikono mitupu. Anampa mjane pole, anapita moja kwa moja hadi jikoni, anafunua sahani moja baada ya nyingine akizinusa, mpaka anaikuta ya bluu yenye ufa ukingoni. Anaificha chini ya koti na kutokea mlango wa nyuma. Sahani si yake. Garini anaifunga mkanda kwenye kiti cha abiria kama mtoto, anaendesha taratibu, na kila kona anaishika isimwagike.

Hapo Orrin akanyamaza.

Nikangoja. Nilidhani anavuta pumzi. Mikono yangu ilikuwa mapajani na kichwa changu kilikuwa ndani ya lile gari. Kama ni mwizi, mbona anaogopa isimwagike? Kama chakula kina kasoro, mbona asikitupe palepale jikoni? Nikiwa katika hayo, nikasikia kiti kikisogezwa, kisha zipu ya koti.

Nikafumbua macho. Ukurasa ulikuwa umekwisha tu. Hapakuwa na mkono hata mmoja hewani, na Lowell alikuwa ameukalia wake. Lakini Verlene, aliyekuwa ametupa mgongo, alikuwa amesikia ukimya uleule anaoujua. Alishafika mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti, hamtazami mtu.

Nilitaka kumwita. Lowell akaniwahi, macho bado kayafumba.

"Orrin, endelea bwana. Sahani ina nini?"

"Karatasi imeisha."

"Imeishaje? Mama wa watu kaiba chakula cha msiba, halafu imeisha?"

Verlene akageuka. Akatutazama mmoja mmoja, akaona mikono yetu ilipo. Nadhani ilimchukua muda kuelewa, maana sisi tulikuwa tumeshaanza kubishana. Orrin alisema Opal mwenyewe ndiye aliyekipika chakula kile, na baadaye amejuta. Lowell alishikilia kwamba ni sumu. Mimi nilidhani ile sahani iliwahi kuwa ya mama yake.

"Aliichukulia nini, Verlene?" nikamwuliza.

"Hajaniambia," akasema.

"Basi kamwulize," akasema Lowell, "maana mimi hapa sitalala."

Akavaa mkono wa pili wa koti. Orrin alikuwa ameshammiminia kahawa, lakini hakuingoja. Tukasikia gari lake likiwaka huko nje, na sisi tukabaki na ubishi wetu, kahawa yake ikipoa mezani.