Kabugho Ameshapanda

Binti yangu alikuwa aanze darasa la kwanza Jumatatu, huko Bukoba, nami nilimwahidi nitamshika mkono mpaka mlangoni. Wenzangu wa safari, Hamuza na Fatumah, walilijua hilo. Tangu tulipojitwika mabegi tukavuka mpaka wa Mutukula kuja kutalii Uganda, wimbo wangu ulikuwa mmoja: Jumapili asubuhi napanda basi, liwalo na liwe.

Jumamosi jioni tulikuwa Bwera. Olivia, mwenye nyumba ya wageni, alitupikia bundu, ugali wao wa muhogo, na samaki, kisha akamuuliza kila mmoja ni mtoto wa ngapi kwao. Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa.

"Wewe iko musichana ya tatu? Basi wewe ni Kabugho," akaniambia.

Fatumah, kifungua mimba, akawa Masika. Hamuza, mvulana wa tatu, akawa Masereka, akavimba kichwa kama aliyepewa uchifu. Chifu huyo ndiye tuliyemtuma kutuwekea nafasi za basi, naye badala ya kutaja majina yetu akataja hayo mapya. Kwa mzaha. Katika mji ambao kila nyumba yenye wasichana watatu ina Kabugho wake.

Asubuhi tulikuta basi limejaa mpaka mlangoni. Kathembo, mkata tiketi, alitutazama kwa huruma.

"Kabugho alishapanda," akasema. "Masereka alishapanda. Masika iko pale na mutoto yake. Sasa ninyi muko nani?"

Nikarudi mbio kwa Olivia kuuliza kama kuna gari jingine. Hakuna alilolijua. Niliporudi stendi basi lilikuwa limeondoka, na Hamuza anacheka.

"Haraka haraka haina baraka," akasema. "Tumepata siku ya bure."

"Methali hiyo kamwambie mwanangu."

Nilifuatana nao kwa sababu ningebaki ningemvunjia Olivia vyombo. Tukaenda Kilembe, tukatazama nyumba kuukuu za mgodi wa shaba na mawe ambayo mto Nyamwamba uliyasukuma ulipofurika. Hamuza alitaka nimpige picha juu ya kila jiwe. Kikorongo tuliona tembo kwa mbali, Fatumah akashika mdomo kwa furaha. Mimi nilimchukia hata tembo.

Jioni tuliporudi Bwera nilikwenda mwenyewe kwa Kathembo kuweka nafasi za kesho, safari hii kwa majina tuliyopewa na wazazi wetu. Hamuza alinifuata.

"Lakini mama," Kathembo akasema, "asubuhi, wewe ulipokimbia kwa Olivia, nilipata kiti moja mu gari ya Mbarara. Nilimwambia huyu kijana. Yeye alisema hapana, munatembea pamoja."

Nikamgeukia Hamuza.

"Ningekuacha uende peke yako, nchi ya watu?" akasema. "Tulitoka watatu, turudi watatu."

"Mimi ni mama wa mtu, Hamuza. Nani alikuomba unilinde? Ulitaka mpiga picha."



Nikapiga simu nyumbani, mama akampa mtoto. Nikaanza kueleza: basi, majina, kile kiti kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, na nilitaka Hamuza akisikie. Binti yangu akanikatiza.

"Haya, mama. Bibi ndiye atanipeleka. Ameshaninyooshea sare."

"Ameinyoosha leo?"

"Jana. Nilimwomba."

Hakulia. Aliisema kama anavyosema ameshakula. Jana basi langu lilikuwa bado lipo, na mimi nilikuwa Bwera nakula samaki, nina hakika nitafika.

Hamuza alikuwa bado amesimama pale, akisubiri nikate simu ili aombe radhi. Nilikuwa na matusi ya kutosha, na sikujua tena kama yote ni ya kwake. Nikamtukana hivyo hivyo.